Wadih Rahme na Ndege Aliyechelewa

Ndugu, jamaa na majirani mliojaa kanisani kwetu hapa Anfeh, mimi Fuad, mdogo wake marehemu, nimeombwa na familia niwasomee maisha ya kaka yangu, Wadih Tannus Rahme, nanyi mtanivumilia sauti ikinikatika.

Alizaliwa tarehe 3 Februari 1951, katika nyumba yetu iliyo juu ya mashamba ya chumvi, akasoma shule ya parokia, kisha Beirut, alikohitimu ufamasia mwaka 1975. Utotoni tuliwanasa ndege kwa vijiti vya ulimbo, kama watoto wote wa hapa, tukawala wa kukaanga, mpaka yeye alipoanza kuwabandua, kuwatazama na kuwaachia, nami nikawa nalala na njaa na hasira. Mwaka 1979 alifungua duka la dawa Batroun, akafunga ndoa na Najla Azar tarehe 18 Septemba 1983, wakajaliwa binti mmoja, Rima.

Kila machipuko alimsubiri ndege mmoja mdogo, wa rangi ya zeituni, atue pwani akitokea Afrika, na kwa kuwa yupo mwingine anayetangulia, anayefanana naye kama pacha ila miguu yake ni myeusi, alimtambua kwa wimbo wake unaoteremka taratibu, wala hakukubali kwamba baridi imekwisha kabla ya kuusikia.

Novemba 2023 aligundulika kuwa na saratani, na dawa zilizomwongezea siku zikamwondolea masikio. Mwezi huu Najla ndiye aliyemsikilizia dirishani, akimchorea wimbo kwa kidole kiganjani. Jumatatu, alipoona mumewe anazidiwa, alimchorea mstari unaoteremka. Kaka akaomba darubini, akautazama mlimao ulio nje ya dirisha kwa muda mrefu.

"Mama Rima, huyo miguu yake myeusi. Ni yule mwingine. Uzee wote huu bado hujui kudanganya?"

"Si ungejifanya tu huoni, mzee wewe," Najla alimjibu, akijua hasikii, wakacheka wote wawili, kisha mmoja wao akaanza kulia.

Alifariki Jumatano, tarehe 26 Machi 2025, alfajiri, akiwa bado anasubiri.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, majirani walioacha sufuria za chakula mlangoni bila hata kubisha, na wenzake wa duka la dawa, waliobeba zamu zake tangu alipougua.

Leo asubuhi yule ndege ameimba mlimaoni. Najla amemsikia, akageuka kitandani ili amwambie mumewe.

Lala kwa utulivu, kaka. Amefika.