Baba Ngalamulume, Fundi wa Kufunga Biblia, Anapumzika

Tangu mwaka wa 1929 mpaka tarehe 31 Desemba 1957, Baba Séraphin Ngalamulume atakuwa amefunga vitabu, yaani kuvishona na kuvitia majalada, katika atelie, karakana ya misioni yetu hapa Kamina. Miaka ishirini na minane! Siku hiyo atavua tabliye yake, aproni ile yenye harufu ya gundi, na sisi tunaobaki tutaangaliana kama watoto ambao mama ameenda sokoni.

Alikuja kutoka Kasai, kijana asiyejua sindano wala gundi. Leo Biblia zilizopita mikononi mwake ziko Kabongo, ziko Sanga kando ya ziwa, ziko katika nyumba za watu wa reli. Nyingine zimelowa mvua, nyingine zimelaliwa na kuku, lakini mgongo wa kitabu haujaachia. Sisi akina mama tunaoshona karatasi alitufundisha kwa utani. Uzi ukilegea anauliza: "Mama, uliuhurumia?" Na mtoto akilia mgongoni, yeye ndiye wa kwanza kusema: "Munyonyeshe kwanza. Manabii balingojea siku mingi, batangojea tena kidogo."

Atelie ina desturi: karatasi iliyokutwa ndani ya kitabu haitupwi, inashonwa nyuma isipotee. Desturi hiyo ilileta tatizo mwaka wa 1949. Mchungaji Banza wa kanisa letu alikuwa amefariki. Biblia kubwa ya kanisa ikaletwa kutengenezwa, na ndani yake mjane wake, Mama Mulanga, alikuwa ameweka mahubiri ya mwisho ya mumewe, yaliyochapwa kwa mashine ya chapa ya misioni, kwa herufi zinazofanana na za Biblia. Baba Ngalamulume akayashona nyuma. Jumapili shemasi alimaliza kusoma maono ya Yohane, mwisho wa Biblia, akafunua ukurasa, akaendelea tu. Kanisa zima likaitika Amina! Hakuna aliyeshtuka mpaka Neno lilipoanza kuwakemea waimbaji wa Kamina kwa kuchelewa.

Watu walicheka, lakini wazee walisema karatasi zile zitolewe. Mama Mulanga akaja atelie na machozi. "Muko munatosha, munaondoa bwana yangu mu kanisa! Kama yeye anatoka, na miye ninatoka."

Sote tulijua mahubiri yale yalikuwa mazuri kweli. Baba akaweka kisu chini, akamkalisha, akamweleza. Wakristo wa zamani nao walikuwa na maandishi mengi waliyoyapenda, barua za wachungaji wao zilizosomwa kanisani watu wakilia. Hakuna malaika aliyeshuka na orodha. Waliuliza pole pole, miaka na miaka: neno hili limetoka kwa wale waliotembea na Bwana? Makanisa ya mbali nayo yanalipokea? Linapatana na imani tuliyopewa? Walibishana sana; hata kitabu kile cha maono, wengine walisita kukipokea. Na mpaka leo ndugu zetu Wakatoliki wanahesabu vitabu ambavyo sisi hatuvihesabu.

"Maneno ya Mchungaji iko mazuri, mama," akasema. "Lakini yeye mwenyewe alisimama chini ya hiki Kitabu. Hakusimama ndani."

Mama Mulanga akafuta machozi. Kisha akauliza: "Na zile barua zenye hazikuingia, balizichoma?"

"Zingine balizitunza mu nyumba, bakasoma na batoto."

"Basi, kata. Lakini miye njo nitashika."

Akaishika Biblia kwa mikono miwili, na Baba akakata. Mahubiri yale akayafungia ngozi nzuri ya mbuzi, yakawa kitabu cha peke yake, akampa mama akakitunze nyumbani. Jumapili iliyofuata Mama Mulanga aliingia kanisani kabla ya waimbaji wote, na mpaka leo hajatoka.

Baba, asante. Ulitufundisha kuliogopa Neno la Mungu kwa furaha. Tunaposhona tunawaza Wakristo wale wa zamani tusiojua majina yao, walioshika karatasi mkononi wakiuliza kama hii ni sauti ya Bwana. Wakangoja, wakatunza, mpaka Biblia ikatufikia hapa kando ya reli, sisi wa shule kidogo, na watoto wetu wataisoma vizuri kuliko sisi. Urudi Kasai salama, ukae kivulini na wajukuu, macho yako yasichoke kusoma. Mungu akuongezee siku, na siku zenyewe ziwe tamu.