Mtu wa Pili kwenye Kibali cha Hester

Wasikilizaji wapendwa, tangu Jumapili kuna neno linazunguka kijijini kwetu, na Doreen Larter halimtoki masikioni: eti siku binti yake Hester alipozama, kibali kilisema wako wawili.

Ni kweli. Doreen mwenyewe ameniruhusu niseme.

Hester Larter, miaka ishirini na minne, alitaka kupiga filamu kwenye matope ya pwani hapa Norfolk, Uingereza, pale mabata bukini wanapotua. Kibali alikisaka miezi minane. Miezi minane! Mwenye ardhi akakubali. Wahifadhi wa ndege hao wakakubali. Halmashauri ikasema lazima awepo mtu wa pili, kazi yake kutazama maji yanavyojaa tu. Rafiki yake wa pekee alishahamia mji wa Leeds, mbali. Hester hakuwa na mtu.

"Mama, nikuandike wewe?"

"Mimi? Mimi hata beseni naliogopa!"

"Jina tu, Mama. Nani atakuja kukuhesabu?"

"Haya, andika. Bata wakikufukuza, usiniite."

Wakacheka. Huku kwetu jina huazimwa kama ngazi. Hata mimi nimewahi kumwandikia jirani.

Alhamisi asubuhi Hester akatoka na kamera, chupa ya chai na mkate wa jibini. Doreen akabaki anapiga pasi. Kule maji yakijaa hayaji kwa mbele, wasikilizaji. Hupitia vijito, yakakuzunguka kwa nyuma, nawe umeinamia kamera. Mtu wa pili angesimama kwenye tuta la kuzuia bahari, angepuliza filimbi. Tuta lilikuwa tupu. Filimbi iliyotumwa na halmashauri pamoja na kibali ilikuwa mezani kwa Doreen, bado iko ndani ya bahasha.

"Wananiambia si kosa langu," aliniambia. "Basi waniambie, nani alikuwa anatazama maji?"

Nina mabinti wawili. Niliwapigia wote simu kabla sijawasha gari.

Pole, Doreen. Poleni ukoo wote wa Larter. Katika nyumba ile sasa huoshwa kikombe kimoja tu.

Tufikiri, wasikilizaji wapendwa, na tukumbuke haya:

Usiandikwe mahali usipokwenda.

Usiingie matopeni kama tuta halina mtu.

Usione haya kurudisha kibali, hata kama umekisubiri mwaka.

Usiogope kumwambia mtoto hapana. Atanuna. Mwache anune.