Bastola ya Bwana Kioko Haina Kidole

Benchi letu liko Changamwe, ubavuni mwa karakana ya Fundi Mramba, pale malori ya Kipevu yanapopunguza mwendo kwa ajili ya matuta. Mimi ndiye muuza kahawa, kwa hivyo nasikia kila kitu na siulizwi chochote. Jumanne hiyo asubuhi walikuwapo watatu. Fundi Mramba mwenyewe, seremala asiyemaliza kitanda wala sentensi. Wakili, ambaye jina lake ni Bonface, na sheria yote aliyosoma ni ya kutoa makontena bandarini. Na Injinia, yaani Jacktone, aliyelinda stoo ya silaha ya kampuni fulani miaka minne akatoka na kofia tu. Wote watatu walikula pilau Jumamosi kule Kiembeni, kwenye harusi ya binti wa Bwana Kioko, tajiri wa malori. Huko ndiko bastola ya Kioko ilikofyatuka, risasi ikaingia mguuni mwa Morgan, tanboi wake, msaidizi wa dereva wa lori, aliyekuwa amebeba kreti la soda. Sasa Wakili alikuja na karatasi ya ushahidi iliyokwisha kuandikwa: bastola ilianguka, ikafyatuka yenyewe, hakuna wa kulaumiwa. Zilibaki sahihi tatu, karatasi ifike kituo cha polisi kabla ya saa tano. Na kama hakuna wa kulaumiwa, mguu wa Morgan ni shauri yake Morgan.

Wakili: Haya, tieni sahihi. Ajali haina kinga.

Fundi: Haina. Lakini hebu, ilianguka saa ngapi? Mimi niliiona alipokuwa akiwaonyesha wakwe wa Nyali, akaishika hivi, aka—

Wakili: Alipokuwa akicheza, Fundi! Ikachomoka kiunoni. Heri kujikwaa guu kuliko kujikwaa ulimi.

Fundi: Enhe. Alipokuwa akicheza.

Bwana Kioko namjua miaka kumi. Hajacheza hata bao.

Injinia: Ngojeni, wasee. Hii kitu haiwezi anguka tu ikafyatuka. Bastola za siku hizi ziko na usalama wa nyundo.

Fundi: Nyundo gani? Kama yangu?

Injinia: Lete hiyo yako niwaonyeshe.

Akasimamisha msumari juu ya ubao. Kando yake akaweka kigogo kirefu kupita msumari, akakifunga kamba.

Injinia: Nyundo iko nyuma ya bastola. Msumari ndiyo pini ya kugonga risasi. Kigogo ni kichuma kinakaa hapo kuzuia nyundo isifike. Sasa angusha.

Fundi akaiachia nyundo. Ikatua juu ya kigogo, msumari haukuguswa. Akapanda benchi, akaiangusha tena. Haukuguswa. Mara ya tatu ikateleza ikamwangukia Wakili kwenye kidole gumba cha mguu. Hapo hakusema ajali haina kinga. Alimtaja Fundi, akamtaja na mamake Fundi.

Injinia: Mmeona? Kamba ndiyo triga. Ukivuta, kigogo kinatoka, nyundo inapata msumari. Usipovuta, hata ukanyage na trela, wapi!

Wakili: Injinia, na lile geti la yadi ya Kioko uliloahidiwa kulinda? Bado unalitaka?

Injinia akanywa kahawa. Sayansi ikaanza kulegea.

Injinia: Mimi nimesema ni kawaida tu. Lakini harusini kulikuwa na spika kubwa. Bezi kama ile inaweza sukuma kichuma kikatoka.

Fundi: Na hii chumvi yetu? Bastola ya bara haijazoea pwani. Friji ya dadangu ilitoka Nairobi mpya, miezi miwili ikafa.

Wakili: Friji ilipiga mtu?

Fundi: Iliua maziwa.

Injinia: Tena emsii wa harusi alitaja jina la Kioko mara tatu. Silaha inamjua mwenyewe, manze. Ilipiga saluti!

Wakili: Saluti ya heshima kabisa. Ni Morgan tu aliyepita mbele yake na kreti. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Wallahi nilikasirika. Methali hiyo nyanya yangu alinipigia nilipopanda paa la jirani. Hakusema ni ya mtu aliyekuwa akiwabebea wageni soda.

Fundi alikuwa tayari ameshika kalamu Purity alipotokea, mkewe Morgan, na thamosi mkononi. Alikuwa akienda hospitali.

Purity: Shikamooni.

Fundi: Marahaba, shemeji. Mgonjwa aendeleaje?

Purity: Madaktari wataamua leo jioni kama mguu utabaki. Nanyi mwafanya nini na msumari?

Fundi hawezi kunyamaza mbele ya kifaa chake. Akamweleza yote, nyundo, pini, kigogo na kamba, huku Wakili akimkonyeza mpaka jicho likachoka. Kisha Fundi akainua nyundo juu.

Fundi: Vuta, shemeji, uone.

Purity akavuta kamba kwa kidole kimoja. Kigogo kikatoka, Fundi akaishusha nyundo, msumari ukazama kwenye ubao.

Purity: Kwa hivyo bila kidole haifyatuki?

Injinia: Haifyatuki.

Neno likamtoka kabla hajakumbuka geti.

Purity: Basi Jumamosi kidole kilikuwa cha nani?

Lori likapita, matuta yakalitikisa. Fundi akaangalia mabati ya karakana yake. Injinia akakunja mikono, akavificha vidole vyake kwapani.

Wakili: Shemeji, swali hilo halimo kwenye karatasi.

Purity: Liandike basi.

Akaketi katikati yao, thamosi mapajani, akangoja. Ilikuwa saa tano kasoro dakika ishirini. Wakili alichukua kalamu mkononi mwa Fundi, akaifungua, akaifunga. Akaninyooshea kikombe nimwongeze kahawa. Nikampita, nikammiminia Purity.