Philister Nafula Simiyu, Muuza Vitabu wa Roseville (1959–2025)

Philister Nafula alizaliwa Jumanne, tarehe 14 Aprili 1959, huko Kimilili, magharibi ya Kenya. Siku hiyo mvua ya mawe ilinyesha kuanzia saa nane mchana hadi jioni, ikaangusha migomba yote nyuma ya nyumba. Kwa sababu ya mvua hiyo bibi yake akampa jina la Nafula. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watoto saba wa marehemu Mzee Wanjala na marehemu Mama Rahab.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1966 hapo Kimilili, akamaliza kidato cha nne mwaka 1976, kisha akasomea ualimu Kaimosi kwa miaka miwili, 1978 na 1979. Januari 1980 aliajiriwa kuwa mwalimu wa shule ya msingi karibu na kwao, akafundisha kwa muda wa miaka kumi na tisa na miezi tisa. Darasa lake la tano la mwaka 1983 lilikuwa na watoto hamsini na wawili na vitabu tisa vya kusoma. Wiki ya kwanza ya muhula, kila kitabu na kila daftari lilipaswa kuvikwa jalada la karatasi ya kaki, na asiye na jalada alisimama mlangoni. Mdogo wake Nahashon, anayesoma maneno haya, alikuwa katika darasa hilo. Alisimamishwa mlangoni siku mbili, na siku ya tatu mwalimu mwenyewe, ambaye Nahashon aliishi nyumbani kwake, alimpa mfuko mtupu wa unga akamwambia, “Nyumbani mimi ni dada yako. Hapa funika kitabu chako kama wenzako.”

Alifunga ndoa na Bwana Sydney Simiyu Jumamosi, tarehe 20 Desemba 1980. Walingoja mtoto kwa miaka kumi na sita, na mwaka 1996 wakajaliwa binti yao wa pekee, Stacy. Bwana Sydney alitangulia Marekani mwaka 1997 baada ya kupata bahati nasibu ya viza. Mama na mtoto walimfuata, wakatua Minneapolis Jumatano, tarehe 3 Novemba 1999, wakiwa wamevaa sweta za Kimilili.

Hapa hakuweza kufundisha. Alisomea kazi ya kuhudumia wazee, akafanya kazi hiyo katika nyumba ya wazee hapa Fridley, pembeni mwa Minneapolis, kuanzia Machi 2000 hadi alipostaafu mwaka 2022. Lakini aliyemuuliza kazi yake alijibiwa, “Mimi nauza vitabu.” Tangu Septemba 2003, kila Jumamosi na kila Jumapili baada ya ibada, alifanya kazi katika duka la vitabu ndani ya jumba la maduka la Roseville, ghorofa ya juu, ukitoka tu kwenye ngazi za umeme.

Wengi wetu tuliliona duka hilo kwa sababu yake. Lilikuwa na zulia la kijani lililochakaa mbele ya rafu za watoto, na hapo ndipo Stacy alipofanyia kazi zake za shule kwa miaka tisa. Wauguzi wetu walinunua hapo vitabu vya mtihani wa leseni. Waliofika kutoka kambi za wakimbizi walikuja kutazama ramani, wakaonyeshana kwa kidole kijiji kilipo, na hakuna aliyewauliza wananunua nini. Wazee wa Kizungu walikaa kwenye viti wakisubiri wake zao watoke kununua viatu. Philister aliwajua kwa majina, na alijua kila mmoja ameachia ukurasa wa ngapi, kwani walisoma bila kununua, wiki hadi wiki. “Hawa ni wanafunzi wangu wa masomo ya watu wazima,” alisema.

Kuanzia mwaka 2009 duka lilianza kukonda. Wafanyakazi kumi na mmoja wakawa wanne. Rafu za historia zikapewa mishumaa na vikombe, na za mashairi zikapewa wanasesere. Watu waliingia, wakatoa kitabu, wakapiga picha jalada kwa simu, wakakirudisha, wakaenda kuagiza wakiwa nyumbani. Na kadiri wanunuzi walivyopungua, kazi moja ya duka iliongezeka. Kitabu chenye jalada laini kisichonunuliwa hakirudishwi kizima kwa mchapishaji, maana nauli yake ni kubwa kuliko thamani yake. Mfanyakazi hung'oa jalada tu na kulituma kama ushahidi, na kitabu chenyewe hutupwa kwenye mashine ya kusaga taka. Jumapili jioni ilikuwa zamu ya Philister kung'oa. Mwalimu aliyesimamisha watoto mlangoni kwa ajili ya majalada alikaa chumba cha nyuma akiyang'oa, na siku moja alirudi nyumbani na kumwambia mumewe kwamba mikono yake inanuka dhambi.

Mwenye ufunguo wa chumba cha taka alikuwa mfagiaji wa duka, Ndugu Janvier Rukundo, aliyetoka Kivu, mashariki ya Kongo, mwaka 2008 na ambaye wakati huo alikuwa pia mshika ufunguo wa kanisa letu hapa Fridley. Mwezi Juni 2012 Philister alimwomba vile vya watoto visitupwe.

“Mama Stacy, amri ni kutupa,” Janvier alimwambia kwa Kiswahili chake cha Kongo.

“Kaka, kule kwetu watoto sita wanasomea kitabu kimoja, na mimi nitupe?”

“Bon, sawa. Miye nageuka, nafagia pale. Sikuona kitu. Unasikia? Sikuona.”

Kwa mwaka mmoja na miezi minane aliokoa vitabu mia moja arobaini na sita. Hesabu hiyo imo katika daftari lake. Kila kimoja alikivika jalada la mfuko wa kaki wa dukani, akaandika jina la kitabu kwa mwandiko wa ubaoni, akawapa watoto wa shule ya Jumapili. Wazazi walio hapa leo wanavikumbuka. Kila kitabu kati ya hivyo kilikuwa na onyo kwenye ukurasa wa ndani kwamba kikionekana bila jalada, kihesabiwe kimeibwa. Philister alilisoma onyo hilo. Alisema kwamba kila kitabu sasa kina jalada.

Jumamosi, tarehe 15 Februari 2014, Dada Donatille wa kanisa letu aliingia dukani na kimoja cha vitabu hivyo, akakiweka kwenye kaunta mbele ya meneja, akauliza kwa furaha kama kuna kinachokifuata, maana mtoto wake amemaliza hiki na hataki kulala. Hakujua kosa lolote. Meneja alifungua karatasi ya kaki, akaona ukingo uliong'olewa, akauliza nani ana ufunguo wa chumba cha taka. Janvier aliitwa. Philister alikuwa kwenye kaunta ya pili, hatua tatu kutoka hapo. Meneja aliwatazama wote na kuuliza kama kuna mwingine anayejua habari hii. Janvier hakumtaja mtu. Philister hakusema neno. Usaili wake wa uraia ulikuwa umepangwa Jumanne, tarehe 11 Machi, na aliogopa neno “wizi” kwenye faili yake. Janvier aliachishwa kazi kabla ya saa kumi jioni.

Habari ilifika kanisani kabla ya Jumapili. Wazee wa kanisa walikaa, na tarehe 23 Februari, baada ya ibada, Janvier aliombwa arudishe ufunguo wa kanisa. Aliutoa mfukoni watoto wake wakimtazama. Tangu siku hiyo hakuabudu nasi tena. Philister alipata uraia wake. Mwaka ule wote hatukumsikia akiimba.

Duka lilifungwa Jumamosi, tarehe 28 Januari 2017. Wiki ya mwisho waliuza hata rafu. Watu wasioonekana kwa miaka walijazana, wakapiga picha, wengine wakalia. Philister aliwahudumia kwa heshima, kisha akamwambia mumewe garini, “Ni kama jamaa wa matangani. Mgonjwa hawakumtembelea hata siku moja, leo wanataka kushika jeneza.” Mahali pale paliuzwa simu kwa miaka miwili, tangu hapo ni shata la chuma lililoshushwa. Wengine wetu tulipenda kulizungumzia lile duka, lile zulia, harufu ile, jinsi watoto walivyokuwa wakikaa wakisoma. Mazungumzo hayo yakianza, Philister aliinuka akaenda jikoni. Tulidhani ni uchungu wa kulikosa. Alilikosa, ni kweli. Lakini mlangoni mwa kila kumbukumbu alisimama Janvier.

Mwezi Mei 2025 alipatikana na saratani ya kongosho. Alitibiwa katika hospitali moja ya Minneapolis hadi Septemba, kisha akaomba kurudi nyumbani. Aliaga dunia nyumbani kwake Fridley Jumapili, tarehe 26 Oktoba 2025, saa tisa alasiri, akiwa na mumewe na binti yake. Alitaka kuzikwa hapa, karibu na wajukuu.

Ameacha mume, Bwana Sydney Simiyu, binti, Stacy, mkwe, Gitonga, wajukuu wawili, ndugu wanne, akiwemo mdogo wake Nahashon, na watoto wengi wa shule ya Jumapili ambao sasa ni watu wazima. Tunamwomba Mungu amlaze mahali pasipo na hofu.

Kwa kawaida wasifu ungeishia hapo. Yanayofuata yamo kwa agizo lake.

Wiki ya tatu ya Oktoba alimtuma mdogo wake amtafute Janvier. Hakuwa mbali, anafanya kazi kiwandani hapa hapa Fridley. Alikuja Jumatano, tarehe 22, saa nne asubuhi, pamoja na mkewe, Mama Maombi. Hakuketi mpaka alipoombwa mara ya pili.

“Mama Stacy,” alisema, “miaka kumi na moja. Leo njo siku unaniita?”

“Leo, kaka.”

“Nyumba yangu ni dakika kumi na mbili na gari.”

“Najua. Mara mbili nilifika mpaka kwenye maegesho yenu, nikageuza.”

“Tulikuona,” alisema Mama Maombi. “Mara ya pili nilikuwa nimeshaweka chai motoni.”

Philister alifunika uso. Kisha akaeleza yote, bila kujitetea, na akaomba msamaha.

“Meneja yule sina shida naye,” alisema Janvier. “Alinikuta na ufunguo, akafanya kazi yake. Na kukusamehe, Mungu ameamuru, nitakusamehe, hata kama moyo utachelewa. Lakini watu waliochukua ufunguo wa kanisa hawako katika chumba hiki. Watoto yangu wamekua wakisikia baba yao ni mwizi. Ukinisemea hapa, anasikia nani? Ukuta?”

Bwana Sydney alimwomba apunguze ukali. “Ndugu yangu, huyu ni mgonjwa. Hawezi kusimama kanisani hata dakika moja.”

“Asisimame,” alisema Mama Maombi, kwa upole. “Iko siku moja watu wote watakuja.”

Ni Philister aliyecheka kwanza, kicheko kilichomuumiza ubavu. “Kweli kabisa. Siku hiyo watakuja hata wale wasionipenda.”

Walipoondoka, Bwana Sydney alimsihi aliache jambo hilo. Alisema msibani husemwa mema ya mtu, na kwamba Stacy atabaki akiishi na watu hawa hawa.

“Mema ya nani, Baba Stacy?” Philister alimuuliza. “Ya kwangu yamesemwa miaka yote. Ya Janvier yamesemwa lini?”

Stacy, aliyekuwa akimkanda miguu, alijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba mama aseme atakalo, yeye yuko tayari kulisikia. Baba yake alitoka nje akakaa ndani ya gari. Alirudi giza lilipoingia, akaketi kando ya kitanda, na hakulizungumzia tena.

Asubuhi iliyofuata, Alhamisi, tarehe 23 Oktoba, Philister aliamka saa kumi na mbili na nusu, akakataa dawa ya maumivu kwa sababu ilimletea usingizi, akaomba ainuliwe kwenye mito. Alimwambia mdogo wake alete karatasi na kalamu, aandike yatakayosomwa siku ya mazishi. Alitamka polepole, akisubiri kila sentensi iandikwe: kwamba Janvier Rukundo hakuiba, kwamba aliyechukua vitabu ni yeye, Philister Nafula Simiyu, na kwamba anawaomba wazee wa kanisa wamrudishie Janvier jina lake mbele ya watu wale wale ambao mbele yao walimnyang'anya. Kisha akataka asomewe. Palipoandikwa kwamba siku ile alishindwa kusema, aliinua mkono.

“Futa hapo,” alisema. “Sikushindwa. Mdomo nilikuwa nao. Andika nilinyamaza.”

Ilipofutwa na kuandikwa, alichukua kalamu, akaweka karatasi juu ya goti, akatia sahihi jina lake lote, herufi moja moja.