Noti Inataka Kwenda Wapi: Kumuaga Mama Do

Ijumaa ya tarehe 28 Novemba, saa tisa alasiri, Mama Do atakabidhi chumba namba tisa na kustaafu rasmi, baada ya kufundisha usikivu wa muziki katika chuo chetu kwa miaka thelathini na minne na miezi miwili. Kamati ya sherehe imeniomba mimi, mwalimu wa piano, niandike wasifu wake kwa ajili ya jarida la wafanyakazi. Nimeambiwa nisizidi kurasa mbili na niwe mchangamfu. Kuhusu kurasa, nitajitahidi.

Alijiunga nasi akiwa na umri wa miaka ishirini na sita, na cheti cha ualimu wa kwaya na, kwa maneno yake mwenyewe, sauti ya kuitia watoto chakula. Hakuja kuimba. Alikuja kufundisha wengine kusikia, na jina la Mama Do alilipata kabla mwaka haujaisha, kwa sababu kila somo lake lilianzia kwenye do na kuishia kwenye do.

Kwa wenzetu wa masijala, wa jikoni na wa bustani, ambao miaka yote hii wamevumilia kelele zetu bila kuelezwa ni za nini, niseme kidogo. Mwanafunzi wa muziki anatakiwa asikie noti na kuitambua bila kuangalia kinanda. Njia iliyozoeleka ni kupima: kutoka noti hii hadi ile kuna hatua ngapi. Mama Do hakuwa na ugomvi na vipimo, ila aliona kwamba anayepima huchelewa, wimbo umeshapita yeye bado anahesabu vidole. Yeye alifundisha hisia. Alipiga kwanza sauti chache za kuonyesha do iko wapi, kisha akapiga noti moja na kuuliza, hii inataka kwenda wapi? Do haitaki kwenda popote, imefika na imevua viatu. Fa ni nzito, inaegemea chini kwa mi, kama mtu mwenye ndoo kichwani anayetafuta pa kuitua. Ti ni chafya iliyofika puani. Lazima itoke, na ikitoka inakuwa do. Kitufe kile kile cha kinanda kilichokuwa do asubuhi kinaweza kuwa fa mchana, katika wimbo mwingine, na hisia yake ikawa nyingine kabisa.

Hiyo chafya aliitumia vibaya. Aliwahi kuliimbia darasa zima ngazi ya noti kuanzia do, akafika ti, akanyamaza, akatoka kwenda kutafuta chaki. Hakufika hata mlango wa pili kabla watu ishirini hawajapiga kelele ya do kwa pamoja. Kwenye vikao vya walimu, hotuba ya mkuu wa chuo ikizidi urefu, Mama Do alianza kuvuma taratibu, do re mi fa so la ti, akaishia hapo huku akiangalia dirishani. Mkuu alivumilia sentensi mbili, tatu, halafu akasema do mwenyewe na kikao kikafungwa. Shemeji yetu, mume wake, ambaye ni fundi bomba, amewahi kutulalamikia kwamba nyumbani kwake haruhusiwi kupiga mluzi kama hana nia ya kuumaliza.

Halafu kuna jokofu la chumba cha walimu, linalovuma tangu tulihamishie pale. Kila Jumatatu aliwaleta wanafunzi wapya mlangoni na kuwaambia, "Leo jokofu ni so. Niimbieni do yake." Jumatatu iliyofuata jokofu lilikuwa re, na waliimba upya juu ya mvumo ule ule. Mimi nilikuwa nikikaa pale na chai yangu, nikisema kwa sauti ya kusikika, "Jokofu ni G, imepanda kidogo." Nilikuwa sahihi. Nilizaliwa na sikio la namna hiyo: honi ya gari, kijiko kwenye bilauri, mlango unaolia, vyote nilivitaja jina la noti yake, A hadi G, bila kufikiri. Nilijiona nina kipaji, na mwenzangu nikamwona ana michezo ya watoto.

Ni hapa uchangamfu unapoanza kunishinda. Wazee wa kazi mnakumbuka kwamba zamani Mama Do alikuwa na vipindi vinne kwa wiki, ukumbi mdogo wenye madirisha, na somo la kuimba bila chombo. Wageni mnamjua kwa kipindi kimoja tu, katika chumba namba tisa, ambacho kilikuwa stoo ya viti. Hakuna aliyewahi kuwaeleza ilikuwaje. Nitaeleza mimi, maana aliyefanya ni mimi.

Miaka kumi na tisa iliyopita nilikuwa mkuu wa idara na msahihishaji wa mtihani. Darasa la Mama Do lilikuwa na watu kumi na mmoja, na mtihani wao ulikuwa wimbo wa beti nne, sauti nne, bila kinanda. Niliwapa noti ya kuanzia, F, nikakaa na karatasi na penseli. Ubeti wa kwanza na wa pili walikwenda vizuri. Wa tatu walianza kushuka, wote kwa pamoja, na hadi ubeti wa nne walikuwa nusu toni chini, yaani kitufe kimoja cha kinanda. Sikio langu likawa linapiga yowe. Kila noti waliyoimba haikuwa ile iliyoandikwa, na kila noti nikaitia mkasi wa kosa. Nilitia mikasi mia moja na kumi na miwili.

Kushuka ni kosa, na Mama Do mwenyewe angewakata maksi tatu au nne. Lakini lilikuwa kosa moja, nami nililihesabu mara mia moja na kumi na mbili. Kila sauti ilikuwa mahali pake mbele ya mwenzake. Fa yao iliegemea mi yao, ti yao ikafika do yao. Nusu toni chini, ndiyo, lakini hakuna aliyepotea. Nilikuwa mtu pekee mle ukumbini ambaye hakuweza kulisikia hilo.

Alikuja ofisini kwangu na ile karatasi mkononi. "Mdogo wangu," aliniambia, maana ananizidi miaka miwili na hajawahi kuniacha niisahau, "uliwasikia wao, au uliisikia piano?"

Nilimjibu kwamba nimesikia E mahali pa F, na kwamba matokeo yameshatiwa sahihi. Wote kumi na mmoja walifeli. Tisa walirudia mwaka. Wawili waliondoka, mmoja wao msichana wa sauti ya pili ambaye wenzake walimwita Chiriku, na ambaye Mama Do alikuwa akimwandaa aje kufundisha somo lile baada yake. Mwaka uliofuata niliandika mtaala mpya: kuimba bila chombo kufutwe, mtihani uwe wa kupima hatua kwa kinanda, vipindi vinne vibaki kimoja. Ulipita bila kipingamizi. Mama Do alibeba vitabu vyake hadi stoo ya viti, akapangusa vumbi, na Jumatatu alikuwa mlangoni na wanafunzi wake, anawaonyesha jokofu.

Sasa nisimulie niliyoyapata, na mnaruhusiwa kucheka. Nilipofika miaka hamsini, piano ya ukumbini ilianza kupanda. Nilimwita fundi wa piano, nikamfokea. Alitoa uma wake wa chuma wa kupimia sauti, akaugonga gotini, akasikiliza, akasema piano haina tatizo. Nilimwita mara tatu. Mara ya tatu hakugonga kitu, aliniangalia tu kwa huruma, nikaona dharau, nikabadilisha fundi. Wa pili alisema yale yale. Piano ilikuwa salama. Sikio langu lilikuwa limehama, kama inavyowatokea watu wengi wa aina yangu umri ukienda. Kila F niliisikia F iliyopanda nusu toni. Kwenye mahafali ya mwaka ule, vidole vyangu vikipiga kitu kimoja na masikio yakiniambia kingine, nilipotea katikati ya wimbo mbele ya wazazi mia tatu, nikasimama, nikasingizia kanyagio la piano.

Sikumwambia mtu. Lakini wiki iliyofuata, kwa mazoea, nilisema jokofu limepanda, si G tena, ilhali lilivuma vile vile, na Mama Do aliweka kikombe chake chini taratibu. Alisubiri watu watawanyike. Alinifuata ukumbini baadaye akaniambia, "Jumanne saa nane, chumba namba tisa. Usije na penseli."

Nilikwenda kila Jumanne kwa miaka miwili. Nilikaa kwenye benchi la wanafunzi, magoti yakigusa kidevu, mimi mkuu wa idara. Alipiga sauti zake chache za kuonyesha do, akapiga noti moja, akauliza inataka kwenda wapi, na mimi nikakodoa macho kama mtu aliyeulizwa umri wa mama mkwe. Nilikuwa nikihesabu hatua kimoyomoyo. Alinijua kwa uso. "Unapima tena," alisema. "Acha kupima. Tulia nayo." Wiki tano sikupata hata moja. Wiki ya sita alipiga fa, na kabla sijafikiri kitu nilihisi uzito wake, nikajua inataka kushuka, na nikaishusha mwenyewe kwa mdomo, mi, kwa sauti mbovu. Nilifurahi kupita kiasi. Alinipigia makofi kama anavyowapigia wa mwaka wa kwanza.

Furaha ile haikumaliza hata wiki. Nikiwa njiani kwenda nyumbani siku nne baadaye niliwakumbuka wale kumi na mmoja, na kwa mara ya kwanza nikaelewa walichokuwa wakikifanya. Nilisimama kando ya barabara nikaona haya kama mtoto. Nilipaswa kugeuka pale pale nikamwambie Mama Do. Sikugeuka. Jumanne nilikwenda kwenye somo, na Jumanne nyingine, na kila mara nilijiambia nitasema mwisho wa kipindi. Masomo yaliisha, na miaka sita imepita baada ya hapo. Nimekula keki ya siku yake ya kuzaliwa mara sita.

Mwezi uliopita, tukifungasha vitu vya chumba namba tisa, tulikuta kaseti ya mtihani ule. Niliichukua, nikaisikiliza peke yangu hadi mwisho, kisha nikaenda kwake nayo na kusema yote. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, au kwa ule msamaha wake wa haraka anaowapa wanafunzi. Aliniambia, "Mimi nilijua siku ile ile. Nilipaswa kupiga kelele hadi bodi inisikie. Lakini mkataba wangu ulikuwa wa mwaka mmoja mmoja, mwenye kuusaini ni wewe, na nilikuwa na watoto wawili shuleni. Nikanyamaza. Chiriku alikuja kuniaga, akaniuliza kama kweli aliimba vibaya, nikamwambia matokeo ni matokeo."

Alilia, nami nikalia. Tangu nilipoelewa, nilidhani kosa ni langu peke yangu, kumbe nilimbebesha na yeye.

Bodi imekubali kusahihisha matokeo. Barua kumi na moja zimetumwa. Kuimba bila chombo kutarudi kwenye mtaala Januari, vipindi vinne, na nafasi ya mwalimu wa kulifundisha somo hilo imetangazwa mara mbili bila kupata mtu anayelijua. Tisa wamejibu kwa furaha, na wa kumi barua yake imerudi, amehama. Chiriku tulimpigia simu, mimi na Mama Do, kwenye duka la dawa anakofanya kazi. Mama Do alimwambia kwamba aliimba vizuri, kwamba aliimba vizuri sana, na kwamba nafasi ile ni yake akiitaka. Halafu Chiriku akasema asante sana, Mwalimu, ila mimi siku hizi siimbi. Akauliza kwa adabu kama kuna jingine, maana ana mteja.

Mama Do, tunakushukuru kwa miaka thelathini na minne. Kwa kumi na minane ya mwisho tulikupa stoo ya viti, nawe ukafundisha kama vile tumekupa jengo zima, na kila anayesikia vizuri katika chuo hiki, nami nikiwa mmoja wao, umemfungua masikio wewe. Tunakuombea afya, asubuhi zisizo na kengele, wajukuu wengi wa kuwaudhi kwa ngazi zisizomalizika, na shemeji mvumilivu. Somo lako litarudi Januari, na hatuna mtu wa kulifundisha. Mtu tulikuwa naye. Nilimfelisha mimi, na naomba radhi kwako na kwake. Nenda salama, Mwalimu.