Kanda Nilizoziamini Bila Kuzisoma

Ndugu zangu, nawasalimu. Jumapili tatu nimekaa pale nyuma humu kanisani nikijiambia leo nitasimama, kisha naanza kuwaza mtanionaje, nabaki kitini. Leo nivumilieni.

Nilikuja hapa Kakuma nikitoka chuo, kutunza kompyuta ya ofisi inayoandikisha watoto waliopotezana na wazazi. Niliambiwa nichague mashine ya kunakili kumbukumbu hizo kwenye kanda. Niliwaza wiki nzima. Mwishowe nikachukua iliyofanana na ya ofisi yetu ya Lodwar, ili hii ikifa, ile isome kanda zetu. Hapo sikukosea.

Nilikosea kwenye vumbi. Kitabu cha mashine kilisema kichwa kinachosoma na kuandika kanda kisafishwe mara moja kwa wiki, kwa kanda maalumu ya kusafishia. Nikaona aliyekiandika hajawahi kufika Turkana. Nikasafisha kila asubuhi, na upepo ukivuma, mchana tena. Kila jioni nilinakili, mashine ikasema imemaliza, nikaifungia kanda ndani ya kopo la biskuti. Kuisoma tena nihakikishe? Niliogopa nitaharibu kilichomo. Na zile fomu za karatasi tulizojazia majina kwanza, mchwa walipozila, ni mimi niliyesema zitupwe, kanda zinatosha.

Siku moja diski ya kompyuta ikafa kwa joto. Nikaingiza kanda ya jana. Haikusomeka. Ya juzi, vilevile.

"Si ulisema kuna kanda?" mkuu wangu akauliza.

"Zipo."

"Zipo, au zinasomeka?"

Ndugu zangu, nikazijaribu zote za wiki ile, hakuna iliyosomeka. Na pale nje alikuwa ameketi mama mmoja wa Sudan, aliyemwandikisha mwanawe wiki iliyotangulia.

"Mtoto yangu iko ndani ya mashine," aliniambia. "Leo nafungua?"

Siku nne nilimwambia kesho.

Mzee mmoja wa Kongo, anayetengeneza redio sokoni, akaifungua mashine.

"Unaisafishaka mara ngapi?"

Nikamwambia. Akacheka, kisha akanionyesha kile kichwa.

"Mutoto yangu, hii kanda ya kusafisha iko kama msasa. Umekula kichwa yote. Mashine ilikuwa inazungusha kanda tu, haiandike kitu. Tafuta kanda ya zamani, ya wakati kichwa ilikuwa ingali mzima."

Lakini kanda zote kumi na nne nilikuwa nikizirudia kuandikia, isipokuwa moja. Hiyo iliwahi kuanguka sakafuni, nikaitilia shaka, nikaitenga. Nikazibeba zote kwa lori la ofisi hadi Lodwar.

"Ejok, msomi," karani wa kule akanisalimu. "Umetuletea kanda za muziki wa lingala?"

Sikuweza kucheka. Akaziingiza moja moja. Ikasomeka moja tu, ile iliyoanguka, nayo ilikuwa ya miezi mitatu nyuma. Mtoto wa yule mama hakuwamo.

Njia nzima ya kurudi nilitunga maneno ya kujitetea. Nilipomwona ameketi palepale, yote yakanitoka.

"Mama, nimempoteza mtoto wako kwenye mashine. Kosa ni langu. Naomba uniambie upya."

Akanisogezea nafasi niketi. "Mimi sijasahau," akasema. "Andika."

Akaanza: jina, kovu chini ya kidevu, mto walipopotezana. Nikaandika kwenye daftari. Tangu siku hiyo nikapita kibanda kwa kibanda nikiuliza upya. Wengi walinipa majina. Wengine walikuwa wameshahama, na hao sijui nitawapata wapi. Jambo hilo bado linanikosesha usingizi, na sina la kulifanyia.

Namshukuru mzee wa redio, ambaye hakunificha. Namshukuru mkuu wangu, hakunifukuza. Namshukuru mama yule kuliko wote. Nanyi mnaotunza kitu cha watu, msiridhike kwamba kipo. Kifungueni mkione.

Siku hizi tuna mashine nyingine, naisafisha mara moja kwa wiki. Kila Ijumaa narudisha kanda kwenye kompyuta na kufungua jina moja. Mama yule huja. Namsomea la mwanawe, naye hunisahihisha ninavyolitamka. Mtoto mwenyewe hajapatikana. Jina lipo, juzi nimelisoma.