Kigoda cha Mama Subiri

Macho matano tuliyapoteza hapa hospitalini, kwa upasuaji wa siku moja, Jumanne, miaka kumi na tisa iliyopita. Ijumaa hii, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kutakasa vifaa vya chumba chetu cha upasuaji, mama aliyehakikisha hayakufika sita anastaafu.

Siku ile wagonjwa wa mtoto wa jicho walikuwa kumi na wanne. Foleni ilipochelewa, aliamriwa atoe trei kabla mashine ya mvuke haijamaliza. Akaitoa. Utepe wa trei, ambao huwa mweusi vifaa vikishatakata, ulikuwa bado haujageuka. Siku ya tatu watano walirudi wakiwa na usaha ndani ya jicho. Wengine tukaanza kurushiana lawama. Yeye aliandika kwa mkono wake: "Nilitoa mimi. Zilibaki dakika kumi na moja."

Kesho yake alileta kigoda kutoka nyumbani, akakiweka mbele ya mlango wa mashine. Tangu hapo, utepe usipokuwa mweusi, trei haitoki. Daktari mmoja akamuuliza, "Mama, unapika maharage?" Akamjibu, "Maharage ningekuonjesha, baba. Haya ni macho ya watu. Subiri." Jina likamganda. Tangu kigoda kile, tumepasua macho 11,420, na hakuna jingine lililoharibiwa na vifaa vyetu.

Wachache wanajua alipo kila Jumamosi. Mmoja wa wale watano ni fundi cherehani. Mama humtilia uzi sindano ishirini, akazichoma kwenye kitambaa zimtoshe wiki nzima. Fundi humtania kwamba nyuzi zake ni ndefu kama hotuba za mkurugenzi wetu.

Mwandishi wa haya aliingia hapa kufua mashuka. Mama ndiye aliyemfundisha kusoma geji ya mashine ya mvuke; leo anashika stoo. Asante, Mama. Chai yako sasa uinywe ikiwa moto, bila kutazama saa. Na fundi uendelee kumtilia uzi, mtaniane miaka mingi.

Uongozi umesema nafasi yake "itaangaliwa". Jumatatu saa mbili asubuhi kuna wagonjwa kumi na wanane. Nani atakaa kwenye kigoda? Tunataka jina la mtu, kwa maandishi, kabla ya Ijumaa saa nane mchana, Mama atakapokabidhi ufunguo wa chumba cha mashine.